Wazi kwa Nani, Mwaitu?

Mwaitu,

Mambo ya sweta, unga na soksi nzito mama yako ameyamaliza. Mimi nimekatazwa kugusa sanduku lako tangu aliponipata nikificha kitabu cha aljebra katikati ya nguo zako. "Baba Mwende, kwani huko anakoenda hakuna vitabu?" Nikakitoa polepole, kama mwanafunzi aliyekamatwa na karatasi ya kunakili kwa soksi. Kwa hivyo niko hapa kwa meza ya kulia chakula, mitihani ya mwaka wa kwanza nimeisukuma kando, na wewe uko chumbani kwako, mlango umerudishwa lakini haujafungwa. Mbwa wa Mama Nashipai wanabweka nyuma ya fensi. Kesho saa kama hizi utakuwa angani.

Naogopa.

Nimeliandika hilo neno, nimeliangalia, na sijalifuta. Ni maendeleo. Mtu wa umri wangu, mwenye kitambi na ofisi iliyoandikwa jina mlangoni, anatakiwa usiku wa kuamkia safari ya mtoto wake kuandika mambo ya bidii na kumcha Mungu. Bidii unayo kuliko mimi. Mungu tumekukabidhi kwake Jumapili, mbele ya kanisa zima, na keki. Nitaifikia hiyo keki.

Kwanza nikukumbushe habari ya simba. Ulikuwa mdogo, tumehamia tu kwa hii ploti ya Kitengela, fensi ni ya matawi na waya, na kati yetu na mbuga kulikuwa na nyasi peke yake. Siku hizi kukiwa na kelele ya malori na mageti ya chuma hadi kule mwisho, mtu hawezi kuamini. Jioni hiyo majirani wakaanza kupigiana simu: simba ameonekana karibu na boma la jirani yetu Mzee Parsaloi. Nikatoka nje na slasha ya kukatia nyasi. Mama yako mpaka leo huwaambia wageni kwamba nilikuwa nimeishika kwa upande wa chuma, na mpini ndio nilikuwa nimemwelekezea simba. Ukaja mlangoni na nguo ya kulala ukaniuliza, "Dad, unaogopa?"

Nikasema, "Hapana. Niko sawa." Meno yakigongana.

Kesho yake Mzee Parsaloi akapita na ng'ombe wake. Nikamsalimu kwa Kimaasai, "Sopa," akaitikia, "Epa," nikamuuliza kama jana aliogopa.

"Mimi? Niliingia kwa nyumba ya mbuzi nikalala huko," akasema, akacheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. "Na wewe, mwalimu?"

"Aa. Kidogo tu."

Nimekaa miaka nikiisimulia hiyo hadithi kama kichekesho. Ni mwezi huu ndio nimeanza kuiona vingine. Uliniuliza swali la kweli, nami nikakufundisha jibu. "Niko sawa." Umelishika vizuri, Mwaitu. Ulikuwa mwanafunzi mwepesi tangu zamani.

Unajua kwa nini nakuita hivyo. Una jina la mama yangu, na yeye nilimwita Mwaitu, yaani mama kwa Kikamba, basi na wewe ni Mwaitu. Ukiwa darasa la pili ulilia ukisema huwezi kuwa mama ya mtu mwenye ndevu. Sasa sikiliza: nimewahi kumdanganya Mwende mmoja kwa maneno hayo mawili, na nusura yanimalize. Naogopa kumpeleka Mwende wa pili uwanja wa ndege akiwa na maneno hayo hayo mdomoni.

Watu hufikiri mtu wa hesabu ni mtu anayejua. Shemeji zangu hunipa bili ya hoteli nijumlishe. Wewe umeshasoma vya kutosha kujua kwamba kazi yetu ni kutojua. Unaamka hujui, unakunywa chai hujui, unafundisha watoto wa mwaka wa kwanza kile kidogo unachojua, kisha unarudi kwa kile usichokijua kama mtu anayerudi kwa mgonjwa. Miezi inaisha hivyo. Hakuna aliyeniambia hayo nilipotoka kwetu Kimana. Pale shuleni nilikuwa kijana wa hesabu, nikipewa swali najibu kabla mwalimu hajaweka chaki chini. Chuo kikuu Nairobi ikawa hivyo hivyo. Nikaenda ng'ambo kusomea udaktari wa hesabu nikiwa sijawahi kukwama hata siku moja. Mtu kama huyo ni hatari, ni kama dereva ambaye hajawahi kuona matope.

Basi nikakwama. Na badala ya kusema nimekwama, nikaandika katikati ya uthibitisho wangu yale maneno yetu sisi watu wa hesabu: "Ni wazi kwamba." Wewe unayajua. Mtu akiona shimo na hana daraja, anatandika mkeka juu yake, anaandika "ni wazi kwamba", anapita haraka.

Msimamizi wangu alikuwa mama mmoja mkimya aliyekula tufaha lote, na kiini na mbegu, akibakisha kile kijiti tu. Alisoma kurasa zangu akitafuna. Alipofika hapo akaacha kutafuna. Akaweka kidole.

"Wazi kwa nani?"

"Kwa... msomaji," nikasema.

"Mimi ni msomaji."

Nikageukia dirisha. Nje theluji ilikuwa inaanguka bila sauti, kitu ambacho mpaka leo sikiamini. Mvua yetu angalau hupiga mabati ikakwambia imekuja.

"Umekwama hapa?" akaniuliza. Hakuniuliza kwa ukali, Mwaitu. Nimelikumbuka swali hilo mara nyingi na kila mara ni la upole. Alikuwa ameshavuta kiti kingine.

"Hapana, niko sawa. Nitaiandika vizuri nikuletee wiki ijayo."

Sikurudi kwake majira yote ya baridi. Nilijifunza njia za kupita nyuma ya majengo ili nisikutane naye. Nilikuwa nanunua mkate saa ambayo najua wenzangu wako kwenye semina. Nilikaa chumbani, pazia nimeshusha, naandika mstari, naufuta, naandika ule ule. Kufikia wakati fulani nilikuwa siogopi tena kushindwa. Nilikuwa naogopa mlango. Mtu akipita tu kwenye korido, mimi nashika pumzi.

Ofisini tulikuwa wawili, mimi na kijana mmoja anaitwa Dumitru, kutoka nchi moja ya huko mashariki mwa Ulaya. Mpole, mwenye sweta moja ya kahawia. Siku nilizothubutu kufika tuliketi tumepeana migongo. "Inaendaje?" "Iko sawa. Yako?" "Sawa." Halafu kimya mpaka jioni. Wiki moja hakuja. Nikafikiri ameenda kwao likizo. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwa msumari nyuma ya mlango, na kila nilipofunga mlango liliyumba kidogo kama mtu anayetaka kusema kitu. Baridi ile, mtu anaenda wapi bila koti? Hilo swali sikujiuliza. Theluji ikayeyuka, nyasi zikaota, koti bado liko. Mwishowe watu wa ofisi ya wanafunzi wakaja kuniuliza: wewe uliyekuwa unakaa naye, alikuwa anaendeleaje?

Nikasema, "Alikuwa sawa."

Mpaka leo sijui Dumitru alienda wapi. Wengine walisema alirudi kwao akaacha hesabu kabisa. Natumaini ni hivyo. Natumaini ana duka la viatu na watoto watundu. Lakini nikilala vibaya naliona hilo koti, na tangu ulipopata barua ya kukubaliwa, Mwaitu, limeanza kuja lina rangi ya koti lako jipya.

Sasa mama yangu. Huyu alikuwa akinipigia kutoka Kimana, anapanda mpaka kule karibu na stoo ya nyanya ambako simu ilishika. "Mwanangu, kazi inaendeleaje?" "Niko sawa, Mwaitu. Nakaribia kumaliza." Kwangu mimi "nakaribia kumaliza" yalikuwa maneno ya kukata simu. Kwake yalikuwa habari njema. Akayapeleka kanisani.

Nilipokuja nyumbani kutembea nilikuta hema. Hema, viti vya plastiki, kwaya ya akina mama na sare, na keki yenye maandishi ya buluu: HONGERA DAKTARI. Mjomba Mutua ndiye alikuwa mshereheshaji, na ukimpa Mjomba Mutua kipaza sauti umempa shamba. Kabla hata sijaketi, mzee mmoja akakunja suruali akanionyesha goti. "Daktari, hili linanisumbua wakati wa baridi." Nyuma yake mama mmoja wa presha, nyuma yake mtoto ana kikohozi. Nikawaeleza kwamba mimi ni wa hesabu.

"Kwani hesabu nazo huugua?" mzee akauliza, goti bado liko nje.

Zangu zilikuwa mahututi, lakini hilo sikumwambia. Mama wa presha nilimwambia anywe maji mengi. Mungu anisamehe.

Nikaitwa kukata keki. Mama yangu alikuwa amevaa gauni jipya la kijani na alikuwa ananiangalia kama vile mimi ndiye niliyeleta mvua. Nikashukuru Mungu kwa kipaza sauti. Nikakata. Nikala.

Wageni walipoondoka, alinikuta nyuma ya jikoni ambako sufuria zilikuwa zinaoshwa. Akafuta mikono kwa leso. "Mbona umekula keki kama dawa?"

Nikamwambia. Sijui ilitoka wapi. Nikamwambia sijamaliza, sikaribii kumaliza, nimekwama, na sijaongea na mwalimu wangu tangu baridi ianze. Nilingoja alie, au aniulize atawaambia nini watu wa kanisa. Akageuza ndoo, akaikalia.

"Umekwama wapi?"

"Mwaitu, ni hesabu. Huwezi..."

"Nimekuuliza wapi."

Basi nikamweleza. Kwa Kikamba, na pale Kikamba kilipoishia kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kilipoishia kwa mikono. Niliongea mpaka giza likaingia kwenye shamba la nyanya. Nikifika mahali namuuliza, "Umeelewa?" anasema, "Sijaelewa hata kidogo. Endelea."

Usidhani najaribu kukuambia kwamba alinipa jibu. Hakunipa, wala hakuwa na haja ya kujifanya. Na usidhani nilirudi huko nikaziba lile shimo. Mstari wangu haukuwa wazi kwa sababu haukuwa kweli. Nusu ya kazi yangu ilianguka nao. Nilirudi kwa mama wa matufaha, nikamwambia nimekwama tangu theluji ya kwanza, akasema, "Najua," akavuta kile kiti. Tulitoka na nadharia ndogo, nyembamba kama mbuzi wa kiangazi, ambayo watu wachache sana duniani wameisoma na mmoja wao ni wewe, kwa kulazimishwa. Ndiyo iliyonipa jina mlangoni. Ndiyo maisha yangu ya usomi yote, nikiyasema kwa ukweli: nadharia ndogo, na miaka mingi ya kufundisha kalkulasi kwa watoto wanaoketi mpaka kwa madirisha. Na nimeyapenda, ujue. Hilo sijawahi kukuambia vizuri kwa sababu nilikuwa na shughuli ya kukusukuma usomee hesabu za bima.

Jumapili iliyofuata mama yangu alisimama kanisani kwa gauni lile lile la kijani akasema, "Ile keki tuliyokula, tuliila mapema. Daktari bado. Ombeni." Wakaomba. Na wakacheka. Ndiyo sababu mpaka leo tukienda Kimana wazee wananiita Daktari Bado. Wewe ulidhani ni jina la utani la utotoni. Nimekuacha udhani hivyo.

Sasa nimefika kwa jambo lenyewe.

Mwezi uliopita uliniita verandani unionyeshe ile kazi utakayompelekea msimamizi wako mpya. Nilikaa kwa kile kiti cha kamba na kikombe changu, ukachukua chaki ukasogea kwa ule ubao wetu wa ukutani. Ulikuwa unapendeza kuangalia. Mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, unaenda kama maji ya mfereji. Ukafika wa nne. Ukasema, "Hapa iko wazi," ukajishika shingo nyuma, ukaruka kwenda wa tano.

Ile shingo ni yangu. Hata mimi najishika hapo hapo.

Haikuwa wazi, Mwaitu. Niliona, na niliona kwamba umeona. Mimi ninayewaandikia watoto wa watu kwa kalamu nyekundu, "Wazi kwa nani?", mpaka wananiita Profesa Wazi nyuma ya mgongo, nilikunywa chai yangu nikasema, "Safi sana." Niliogopa kukuzima. Mama yako alikuwa ameshawaambia majirani, koti limeshanunuliwa. Kesho yake nilikuta ubao umefutwa wote, hata ile kona ya orodha ya sokoni. Tangu hapo kila nikikuuliza unasema, "Niko sawa, Dad, wacha stress."

Halafu Jumapili ikaja keki. Maandishi ya buluu, kwa nini huwa ni buluu? HONGERA DAKTARI MWENDE, na hata hujapanda ndege. Wakakupa kisu, wakapiga makofi. Nilikuwa nimesimama karibu na spika. Nikakuona unavyoila.

Ukaila kama dawa.

Ndiyo sababu naogopa. Siogopi baridi, wala wale watu wabaya ambao mama yako husikia habari zao kwa redio. Naogopa chumba chenye pazia. Naogopa nikikupigia simu useme uko sawa kwa sauti nzuri kabisa, nami nikubali kwa sababu ni rahisi, na koti liko nyuma ya mlango linayumba.

Sitakuambia usikwame. Utakwama. Ukikosa kukwama utakuwa unafanya hesabu za kujumlisha bili. Pengine ule mstari wa nne ni uongo na yote iliyo chini yake itaanguka. Basi ianguke, nadharia nyembamba pia hulisha mtu. Ninachoomba ni kidogo. Nikikuuliza unaendeleaje, usiniambie uko sawa. Niambie uko mstari gani. Ukishindwa kuniambia mimi kwa sababu nitaanza kukusahihisha, mpigie mama yako. Yeye amerithi kiti cha mama yangu: hataelewa hata kidogo, na atakuambia uendelee. Na ikifika siku huwezi hata hilo, rudi tu. Geti unalijua, na hapa Kitengela na Kimana tayari kuna Daktari Bado mmoja. Wa pili hatashangaza mtu.

Nilikuwa nataka kumalizia hapo kwa maneno mazuri ya baba. Nilikuwa natafuta methali.

Lakini nimesikia mlango wako. Nimesikia slipa zako zikipita kwa korido kwenda verandani, na taa ya nje imewashwa, najua kwa sababu wadudu wameanza kugonga dirisha. Halafu chaki. Ko, ko, ko. Inaenda. Nimeacha kuandika nikasikiliza. Ikasimama. Imesimama muda mrefu, na mimi huku nimeshika pumzi kama zamani.

"Dad? Uko macho?"

"Niko."

"Kuja kidogo. Hii kitu ya nne."

"Iko nini?"

Chaki ikawekwa chini. Kisha sauti yako, ndogo, ile ya nguo ya kulala mlangoni: "Haiko wazi."

Barua hii nitaiweka ndani ya kitabu cha aljebra, na kitabu nitakirudisha chini ya soksi mama yako akiwa amelala. Utaikuta siku ambayo sitakuwa chumba cha pili. Sasa nakuja na chai. Nimeuangalia huo mstari kisirisiri mwezi mzima, Mwaitu, kwa migongo ya mitihani ya watoto wa watu, na ukweli ni kwamba hata mimi sijui unapitia wapi. Naogopa kukuambia hivyo.

Nakuja. Nivutie kiti.

Baba yako,
Daktari Bado